Vijana wetu mlioko Leicester, Diwali haijipiki yenyewe

Wanangu wa Mombasa, wa Dar, wa Nairobi na wa Tanga mliokuja huku Uingereza kusoma na kutafuta, hamjambo. Mimi masi wenu, yaani dada wa mama, wengine mnaniita ba, bibi, lolote sawa. Naandika Kiswahili maana Kigujarati cha kusoma wengi wenu hamkijui, na mimi nikigombana kwa Kiingereza sishibi.

Nimeudhika, nasema kabisa. Navratri iliyopita, zile siku tisa za ibada kabla ya Diwali, nilikuja garba, ngoma yetu ya kuzunguka, kwenye ule ukumbi wa michezo uliokodiwa, nikalipa tiketi kama kila mtu, nikaingia natafuta garbo katikati. Garbo mnalijua, kile chungu cha udongo chenye matundu, taa inawaka ndani, Maa, Mungu Mama, yuko pale na sisi tunamzunguka usiku tisa. Katikati hakuna garbo jamani! Kuna stendi ya simu na ile taa ya duara ya kupigia video. Garbo limesukumwa kando ya mlango wa dharura, ndani wametia taa ya betri. Ya betri naielewa, wenye ukumbi hawataki moto. Lakini niambieni, ukumbi mzima umevaa chaniya choli za bei mbaya, mnapiga makofi na kuzunguka nini? Simu! Na aarti, ibada ya taa, ilipoitwa nusu yenu mko nje kwenye foleni ya chipsi, bibi wa watu kashika thali, sinia la taa, mkono unamtetemeka na hakuna hata kijana mmoja wa kumpokea.

Kesho yake mtu yule yule anaposti, "namisi Navratri ya nyumbani", na vikopa kumi vya machozi.

Hebu niwaambie hiyo ya nyumbani ilitoka wapi, maana haikushuka na mvua za vuli. Kwetu Mombasa wiki nzima kabla ya Dhanteras, siku inayofungua sikukuu yetu ya taa, Diwali, jikoni hapapitiki. Mama na shangazi zangu wako chini mkekani, unga wa mchele wa chakri, vile vitafunio vya mduara, unakandwa na mtindi, ufuta na manjano, unatiwa kwenye ile mashine ya shaba ya mkono, unakamuliwa mduara mduara juu ya gazeti la jana, halafu karaini. Unga ukizidi maji chakri inakunywa mafuta, ukikauka inakatika mkononi, na ukikosea maneno utayasikia. Sisi watoto kazi yetu ghughra, vile visambusa vitamu, kufinya ukingo kwa kidole gumba, mkunjo juu ya mkunjo, na ukiacha tundu unarudishiwa maana ikipasuka kwenye mafuta karai zima limeharibika. Mama wa nyumba ya pili, Mwislamu, alikuwa anakuja na kinu chake kutwanga iliki, adhana ikilia anakwenda kuswali anarudi tunaendelea. Baba yuko Biashara Street nyuma ya doti za leso anasubiri chopda pujan, ibada ya vitabu vya hesabu, afungue daftari jipya jekundu. Asubuhi ya Bestu Varas, mwaka mpya wetu, sinia zinatoka, Sal Mubarak, heri ya mwaka, mlango kwa mlango, na sahani haikurudi tupu hata siku moja, Idi ikifika inarudi na kaimati na halua kwa sababu yule mama jirani alijua hatuli nyama wala mayai.

Sasa nyinyi mnachomisi ni kula. Kazi yenyewe hakuna aliyeimisi. Mwaka 2024 mlibishana kwenye grupu mpaka mkatoana, Diwali tarehe 31 Oktoba au 1 Novemba, kila mtu ghafla pandit, kuhani, na nilipouliza nani ananunua tambi za diya, zile taa za udongo, kimya.

Na hilo la majirani linaniuma zaidi. 2022 mliona hapa hapa mjini, baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu wanakabiliana barabarani, polisi katikati. Watu hawajui hata jina la anayekaa mlango wa pili, wanajua la mwanasiasa wa Delhi.

Wazee wenzangu nanyi msicheke. Kila nyaat, yaani jamii ya tabaka moja, na ukumbi wake, mtoto katoka Tanga hana mtu, anafika mlangoni kwanza anaulizwa ukoo. Halafu tunalalamika vijana wamepotea.

Sisemi hamchoki. Najua mnafanya usiku maghalani na kwenye nyumba za wazee, najua Diwali inaangukia siku ya kazi na mwenye chumba hataki hata ubani. Moyo unaniuma nikiwaona kwenye basi mmelala na sare. Lakini Wahindi waliofukuzwa Uganda na Amin 1972 walipewa siku 90 waondoke, na halmashauri ya mji huu ikawatangazia kwenye gazeti la kule kwamba wasije Leicester. Wakaja. Hiyo Belgrave Road mnayokwenda kupigia selfi chini ya taa, watu kama hao ndio waliotoa jasho.

Mengine haraka haraka. Ombeni ruhusa kazini mapema. Bhai Beej, siku ya kaka na dada, mpigie dada yako, usingoje akupigie. Rangoli, yale mapambo ya unga wa rangi mlangoni, ya stika si rangoli. Baruti, sheria ya hapa siku ya Diwali inawaruhusu mpaka saa saba usiku, basi saa nane lala.

Jumamosi kabla ya Dhanteras jikoni kwangu pako wazi kuanzia saa nne asubuhi. Unga na mafuta ninayo, leteni iliki na ufuta. Wavulana pia, tena nyinyi ndio mtakaosimama karaini. Simu zinakaa mlangoni na viatu. Mwenye gari aniambie mapema, kuna sinia za majirani za kupeleka, na yule mzee Msomali wa ghorofa ya juu maziwa hayamfai, kwa hiyo yeye ni chakri ya bila mtindi, msichanganye.