Risala ya Waumini wa Makanisa Saba ya Mathare kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Askofu. Waheshimiwa mapadre, wachungaji na wainjilisti. Wazee wa kanisa, akina mama, vijana na wanakwaya wote: Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Salamu hizi mbili tumezitoa pamoja kwa makusudi. Siku ya kwanza tulipokutana, mmoja wetu alisimama akasema "Tumsifu Yesu Kristo", na nusu ya ukumbi ikanyamaza kwa kuwa haikujua kiitikio chake. Leo wote wanaitikia zote mbili, na tunakuomba usilione hilo kuwa dogo, kwani lilituchukua miezi mingi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ushirikiano wetu haukuanzia mezani pa mkutano. Ulianza mwezi wa Aprili 2024, Mto Mathare ulipofurika na maji yakaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Makanisa yaliyo upande wa juu yalifungua milango bila kuuliza mtu anasali wapi. Kanisa moja lililaza watoto, jingine likatoa magodoro, na la tatu likaleta ile sufuria kubwa ya kupikia harusini. Tunawakumbuka mama wawili waliosonga ugali humo kwa zamu, mmoja akiwa na leso ya jumuiya yake ya Kikatoliki, mwenzake akiwa na fulana ya kwaya ya kanisa la Kipentekoste, wakipokezana mwiko kila mkono ulipochoka. Hadi siku hiyo walikuwa majirani wa miaka mingi ambao hawajawahi kuomba pamoja.

Baba Askofu, hatutakuficha lililotuuma. Mwaka jana mmoja wa mama hao aliitwa na Bwana. Alikuwa amebatizwa katika kanisa moja na kuolewa katika jingine, na siku ya kumzika, viongozi wawili walibishana kando ya jeneza kuhusu nani mwenye haki ya kuongoza ibada. Basi la kukodi lilikuwa limewashwa tayari kwa safari ya kwenda makaburi ya Lang'ata, wajukuu wameshika picha yake, jua linazidi kupanda, na bado hapakuwa na maelewano. Hatimaye mwanawe wa kwanza ndiye aliyeomba, akisoma zaburi kutoka kwenye simu yake. Kati yetu wapo ambao tangu siku hiyo hawajarudi kanisani, na hatuna neno la kuwalaumu.

Tunayasema haya tukijua kwamba kiu ya umoja si ngeni katika nchi hii. Mwezi wa Juni 1913, huko Thogoto, Kikuyu, wamisionari wa Kianglikana, wa Kipresbiteri, wa Kimethodisti na wengineo walikutana kutafuta njia ya kufanya kazi kama shirikisho, na mwisho wa mkutano wengi wao wakashiriki Meza ya Bwana pamoja, wakiongozwa na Askofu wa Mombasa. Askofu wa Zanzibar alipinga vikali, na ubishi huo ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana huko Uingereza. Hata hivyo mbegu haikufa, kwa maana mwaka 1926 umoja wa wamisionari wa Kiprotestanti ulianzisha Shule ya Upili ya Alliance papo hapo Kikuyu. Mwaka 1975 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu wa tano hapa Nairobi, katika jumba la mikutano la KICC. Jumba la Ufungamano nalo linamilikiwa kwa pamoja na maaskofu Wakatoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa, na tangu mwaka 1986 hospitali na zahanati za makanisa ya pande zote mbili zimekuwa zikipata dawa kupitia shirika moja la MEDS. Basi tunajiuliza, Baba, kwa nini makanisa yaliyoweza kuagiza dawa pamoja kwa miaka 40 yashindwe kukubaliana juu ya ibada ya kumzika mama mmoja wa Mathare.

Hatuombi dhehebu jipya. Tunajua kwamba juu ya ubatizo wa watoto wachanga, juu ya Ekaristi na juu ya mamlaka ya uongozi, makanisa yetu yanatofautiana kwa sababu za imani, na hatutaki mtu yeyote ajifanye kuamini asichokiamini. Tunachoomba ni kwamba waumini waliokwisha kushikana mikono wasitenganishwe na viongozi wao siku za huzuni na za ndoa. Tunaomba wachungaji na mapadre wa mtaa wakutane angalau kila baada ya miezi mitatu, hata kama ni kwa kikombe cha chai tu. Tunaomba pia kwamba vijana wetu wanaooana kutoka makanisa mawili wasilazimishwe kubatizwa upya, ikiwa walikwisha kubatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Tunatambua kwamba kwa makanisa kadhaa ombi hili ni gumu, nasi tuko tayari kusubiri mazungumzo.

Lakini suala la mazishi, Mheshimiwa, haliwezi kusubiri, kwa sababu kifo hakingoji kikao. Tumeandika utaratibu mfupi wa ibada ya pamoja ya mazishi, tukichukua masomo kutoka Biblia Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliifasiri kwa pamoja. Umo ndani ya bahasha hii, kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono, na mwishoni tumeacha nafasi saba za sahihi. Tunakuomba uupokee, uusome pamoja na viongozi wenzako walioketi hapa, kisha mturudishie ukiwa na masahihisho yenu.

Ni sisi,
Waumini wa makanisa saba,
Mathare, Nairobi,
Jumapili, 25 Januari 2026.