Binti yangu haombi upendeleo, anaomba kupima sukari

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi nitoe dukuduku langu. Nimenyamaza miaka minne, lakini habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu watoto wenye maradhi ya kudumu shuleni imenishinda kuivumilia, hasa pale mwalimu mkuu mliyemhoji aliposema kwamba wazazi wa watoto hawa wanataka kila mtoto atungiwe sheria yake.

Binti yangu ana miaka 10 na ana kisukari cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake iliziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, kemikali inayoshusha sukari kwenye damu. Hakukipata kwa kula peremende, wala kwa malezi mabaya, ingawa yote mawili nimeshaambiwa nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa. Anachohitaji ni kupima sukari anapojisikia vibaya, kunywa kitu kitamu papo hapo ikishuka, kwenda msalani bila kubembeleza, na mtu mzima anayejua la kufanya.

Muhula uliopita alikuwa kwenye mtihani wa hisabati. Mabegi yote yaliachwa nje, na kipima sukari chake kikiwa humo. Katikati ya mtihani mikono ikaanza kumtetemeka. Akanyoosha kidole, msimamizi akamwambia asubiri. Akanyoosha tena, akaambiwa kama anaumwa aende ofisini, ila akitoka hatarudi. Akatoka peke yake. Mtoto ambaye sukari yake imeshuka haachwi atembee peke yake hata hatua kumi, kwa sababu ubongo wake unakosa chakula na anaweza kuzimia wakati wowote! Aliyemkuta ni mama anayefanya usafi. Mwanangu alikuwa ameketi kwenye ngazi, sare imelowa jasho, penseli ingali mkononi, anaongea maneno yasiyoshikana. Mama yule alielewa kwa kuwa amemuuguza mzazi mwenye kisukari, akamnywesha maji ya sukari kabla hajamwita mtu yeyote. Baadaye nilionyeshwa karatasi ya mtihani. Hadi swali la saba tarakimu zimesimama wima. La nane zimeanza kulala. La tisa ni mstari wa penseli ulioteleza hadi ukingoni mwa karatasi. Karatasi hiyo imesahihishwa, na alama zake zimeingizwa kwenye ripoti. Nilipoomba arudie mtihani, nikaambiwa si haki kwa wenzake.

Halafu kuna hii barua ya daktari. Kila muhula nadaiwa mpya, na kila muhula mtoto anakosa siku nzima ya masomo akipanga foleni hospitalini ili kuthibitisha kwamba bado ana ugonjwa ambao hauponi. Mtu wa kwanza kudungwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14, mwaka 1922. Tangu siku hiyo watoto hawa wanaishi, wanakua na wanasoma, lakini insulini wanaitumia maisha yao yote. Likizo haiwaponyi. Barua moja anapoandikishwa shule inatosha, na nyingine pale tu matibabu yanapobadilika.

Nimeambiwa pia kwamba mwanangu si mlemavu, hivyo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 haumhusu. Ibara ya 1 inawataja wenye dosari za kimwili za muda mrefu ambazo, zikikutana na vikwazo, zinawazuia kushiriki sawa na wengine. Mlango ule wa chumba cha mtihani ni kikwazo gani kama si hicho?

Ninachotaka ni sanduku dogo linalopitisha mwanga, lenye kifuniko chekundu, likae juu ya meza ya mwalimu wala si kwenye kabati la ofisi lenye kufuli. Ndani yake kiwe kipima sukari, vijiti vyake, pakiti tatu ndogo za juisi, na karatasi yenye maandishi makubwa: sukari ya damu ikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita), mpe gramu 15 za sukari, subiri dakika 15, pima tena; akizimia usimtie kitu mdomoni, ita gari la wagonjwa. Wakati wa mtihani sanduku liingie naye, na dakika anazopoteza aongezewe. Walimu wawili nitawafundisha mwenyewe kwa saa moja, siku yoyote watakayotaka.

Sanduku nimeshalinunua. Mtihani wa kufunga mwaka ni baada ya wiki tano, na sijajibiwa kama linaruhusiwa kuingia darasani.

Mama wa mwanafunzi wa darasa la nne