Risala ya Vikundi Washirika kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kutangazwa kwa Muundo Mpya wa Wakala wa Taifa wa Kujitolea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa Wakala;
Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi;
Ndugu maofisa waratibu;
Ndugu zetu mnaojitolea;
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kutusikiliza. Ungeweza kututumia waraka, nasi tungeusoma. Umekuja mwenyewe, na hilo limetupa moyo wa kusema yaliyo rohoni bila kuficha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni vikundi na taasisi zinazowapokea watu wanaojitolea. Wakala unawasajili, unawapa mafunzo ya awali na kuwalipa posho ya kujikimu. Sisi tunawapa kazi, msimamizi na mahali pa kuweka begi. Wapo wanaofundisha watoto kusoma, wapo wanaowatembelea wazee wanaoishi peke yao, na wapo wanaotuwekea hesabu sawa, maana wengi wetu hatuna uwezo wa kuajiri mhasibu.

Muundo mpya tumeusoma. Ofisi za mikoa zinaunganishwa kuwa za kanda, maombi na taarifa zote zitapita kwenye mfumo mmoja wa kompyuta, na idara mbili zilizokuwa na kazi zinazofanana zitakuwa moja. Tunaunga mkono, tena kwa dhati. Sisi ndio tuliokuwa tukijaza fomu ileile mara mbili, kila idara ikitaka saa za kujitolea zihesabiwe kwa namna yake. Usiku mwingi wasimamizi wetu wamekesha wakilinganisha karatasi badala ya kupumzika wakawahi kazini asubuhi. Mzigo huo ukiondoka, tutashukuru.

Lakini lipo jambo moja lililotuleta mbele yako. Tunaogopa uzi unaomfunga ofisa mratibu na kikundi usije ukakatika wakati nyumba inapangwa upya.

Mheshimiwa, miaka kadhaa iliyopita yalifanyika mabadiliko madogo tu, ya kuhamisha maofisa. Mmoja wao alikuwa na daftari la jalada gumu. Humo aliandika mambo ambayo hayana safu yake kwenye mfumo wowote: mwenyekiti gani anapatikana mchana tu kwa sababu asubuhi yuko darasani, mzee yupi hasikii kwa sikio la kushoto, hivyo anayemtembelea akae kulia kwake, kikundi kipi kinachelewesha taarifa, si kwa uzembe, bali kwa kuwa mtunza hazina wake anaumwa. Alipohamishwa hakuna aliyemwuliza kuhusu daftari lile. Ofisa mpya alikuja na bidii zote, lakini barua yake ya kwanza kwa kikundi kile ilikuwa ya onyo. Iliwafikia wiki ambayo mtunza hazina alikuwa amelazwa.

Katika mabadiliko hayohayo, majina yalikuwa yakihamishwa kutoka orodha moja kwenda nyingine, na posho zikakwama. Kijana mmoja aliyekuwa akifundisha watoto wanane kusoma aliendelea kuja, mwezi wa kwanza na wa pili, kwa miguu. Mwezi wa tatu hakuja. Watoto walikaa wakimsubiri, kila mmoja na kitabu chake kimefunguliwa kwenye ukurasa walioishia. Hatumlaumu kijana, na hatukuja hapa kumlaumu mtu yeyote. Tunalisema ili lisijirudie.

Tumejaribu kujifunza kwa wenzetu pia. Marekani iliiunda VISTA, programu ya kupeleka watu wanaojitolea kwenye maeneo yenye umaskini nchini humo, kwa sheria ya mwaka 1964, katika mapambano ya Rais Lyndon Johnson dhidi ya umaskini. Mwaka 1971, chini ya Rais Richard Nixon, VISTA iliunganishwa na Peace Corps, inayopeleka Wamarekani kujitolea nchi za nje, katika wakala mmoja ulioitwa ACTION. Peace Corps, iliyokuwa na sauti yake tangu 1961, ilififia humo ndani hadi Bunge lilipoirudishia uhuru wake mwaka 1981. Sheria ya 1993 ikaleta shirika jipya la serikali pamoja na programu ya kujitolea iitwayo AmeriCorps, na ACTION ikaingizwa humo. Mwaka 2018 shirika hilo likatangaza mpango wa kufunga ofisi zake za majimbo na kuweka nane za kanda, na tangu 2020 linajulikana kwa jina la AmeriCorps.

VISTA imehamishwa nyumba mara zote hizo na bado ipo. Kwa maoni yetu imedumu kwa sababu watu wake hupelekwa kwenye mashirika ya palepale wanapofanya kazi, na mashirika hayo ndiyo yanayowasimamia siku hadi siku. Kibao cha makao makuu kilibadilika, mwenyeji akabaki.

Huko huko tumeona na upande wa pili. Aprili 2025 ruzuku za karibu dola milioni 400 zilikatishwa ghafla, na watumishi wengi wa AmeriCorps wakapewa likizo ya lazima. Majimbo kadhaa yakaenda mahakamani, na Juni mwaka huohuo jaji akaamuru ruzuku zirejeshwe kwa majimbo yaliyoshtaki. Amri hiyo ilirudisha fedha. Mtu aliyekwisha kufunga virago kati ya Aprili na Juni akaenda kutafuta riziki kwingine, hakuna amri inayomrudisha darasani.

Ndiyo maana, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa ni makabidhiano. Ofisa anayeondoka na anayeingia wafike pamoja kwa kila kikundi, ana kwa ana, wakae, waulize, waandike. Tunajua ni gharama na ni muda. Ofisa mmoja wa kanda atakuwa na vikundi vingi kuliko alivyokuwa navyo wa mkoa, na safari zitakuwa ndefu. Hata hivyo ziara moja ya namna hiyo itaokoa barua nyingi za onyo na nyingi za kuomba radhi. Pale ambapo kanda ni pana mno, tuko tayari vikundi vya jirani kukutana mahali pamoja ili ofisa asitawanyike.

Tunaomba pia posho zilipwe kwa orodha ya zamani hadi orodha mpya ihakikiwe jina kwa jina, na mikataba iliyopo iendelee hadi mwisho wake kwa masharti yaleyale. Mfumo wa kompyuta ukianza, wasimamizi wetu wapewe mafunzo kabla ya tarehe ya kwanza ya kuripoti. Na kwenye kamati ya mageuzi, tunaomba viti viwili vya washirika.

Tungependa kuwasemea na maofisa wa Wakala. Baadhi yao wako ukumbini humu na bado hawajui watapangiwa wapi. Wametuvumilia kwa simu za usiku na siku za mapumziko. Waambieni mapema, Mheshimiwa, hata kama habari si nzuri.

Mwisho, ofisa tuliyemtaja alipohama aliliacha daftari lake kwa kikundi kimoja, nasi tumelitunza hadi leo. Walioandikwa humo na bado wapo nasi tumewauliza, nao wameridhia litumike. Kurasa za waliotutoka tumezitenga. Tunaomba ulipokee kwa mikono yako, umkabidhi ofisa wa kanda atakayetuhudumia. Kurasa chache zililowa na wino umechuja, lakini majina yote yanasomeka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.