Mbegu ya elfu tano na mama karanga wetu

Mhariri,

Hii habari ya wahubiri kusema "panda mbegu uvune gari", yaani toa pesa Mungu akurudishie maradufu, imezidi hapa Malindi. Tangu maafa ya Shakahola 2023 watu wako macho na wahubiri wa kufungisha watu hadi kufa, sawa kabisa, lakini huyu anayefunga mfuko wako tu hakuna anayemuangalia. Kuna mama jirani yangu hapa Maweni, mama karanga, yaani anauza samaki wa kukaanga, na kusi ikivuma unajua maboti hayatoki, samaki bei juu, basi kaambiwa na mhubiri atoe elfu tano ndio biashara ifunguke, akakopa kwa chama akatuma kwa simu. Miezi imepita, deni ndilo limefunguka. Akiuliza anaambiwa imani yake ndogo! Yaani ukipata ni mtumishi, ukikosa ni wewe.

Na haya mafundisho si ya mababu zetu wa kanisani, yalivuma Marekani kina Oral Roberts wakihubiri kwenye redio na tivii, mbegu ya imani hiyo hiyo. Malaki 3:10, leteni zaka kamili, wanaijua kwa moyo, ila 2 Wakorintho 9:7, mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa lazima, hiyo huisikii ikisomwa.

Mimi ni mkristo na sadaka natoa. Nachotaka ni hesabu zibandikwe mlangoni kila mwezi, imeingia ngapi imetoka ngapi, na mchungaji anayekataa atuambie sababu.

Muumini, Maweni, Malindi