Amplifaya Inazima Kila Bezi Ikidunda? Usinunue Nyingine Kwanza

Wateja wengi hutuletea amplifaya ikiwa kwenye mfuko. Imeshang'olewa garini, na maelezo ni mafupi: "Fundi, hii imekufa, nikiongeza sauti tu inazima." Tunaiweka mezani, tunaipa umeme wa kutosha na spika ya omu 4, inapiga mchana kutwa bila kukatika. Ugonjwa umebaki kwenye gari, na gari liko nyumbani. Ndiyo maana ukitupigia simu tunakuomba uje na gari lenyewe.

Ile taa nyekundu ya PROTECT ni amplifaya inajikinga isiungue. Ndani yake kuna saketi inayokata sauti umeme unaoingia ukishuka mno, spika zikivuta kupita kiasi, joto likizidi, au kitu cha ndani kikiharibika. Hiyo sababu ya mwisho ndiyo pekee inayohitaji amplifaya ifunguliwe. Nyingine zote ziko nje yake, na kwa uzoefu wetu huko nje ndiko shida nyingi ziliko.

Kwa hiyo swali letu la kwanza ni: inazima wakati gani?

Kama inazima bezi ikidunda halafu inarudi yenyewe, tunaanza na umeme. Chukua mita, iweke kwenye vichwa vya amplifaya, chanya na eathi (waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari), usipimie kwenye betri. Injini ikiwa inawaka unatakiwa uone kati ya volti 13.5 na 14.5. Sasa weka wimbo wenye bezi nzito, pandisha sauti, angalia namba. Ikicheza kidogo, sawa. Ikianguka hadi 11 au 10 kila bezi inapopiga, umeshampata mchawi, kwa sababu amplifaya nyingi hukata zikikaribia volti 10.

Volti hizo zinapotelea njiani, na njia ni waya. Amplifaya ya wati 1,000 za kweli (RMS, siyo zile 3,000 zilizochapwa kwenye boksi) inaweza kuvuta ampia 90 bezi inapokita. Ukiilisha kwa waya mwembamba ni kama kunywa uji mzito kwa mrija. Hata kwa ampia 50 tu, waya wa shaba wa geji 8 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipungua waya ni mnene zaidi) wenye mita 5, kutoka kwenye boneti hadi kwenye buti, unapoteza karibu nusu volti. Na hiyo ni shaba tupu. Waya nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwenye seti ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba. Kwarua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini. Halafu angalia unene wa chuma chenyewe. Tumeshachuna waya ulioandikwa geji 4 tukakuta plastiki nene na nyuzi za kuhesabika.

Eathi ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Fundi anakaza waya mwekundu vizuri, anaweka na fyuzi, kisha waya mweusi anaubana kwenye skrubu yoyote aliyoiona karibu, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Eathi inataka bati la bodi lenyewe, lililokwaruzwa kwa msasa hadi ling'ae, bolti na nati iliyokazwa, na waya mfupi wenye unene uleule wa ule mwekundu. Ipime hivi: mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye eathi ya amplifaya, muziki ukiwa juu. Ikizidi nusu volti, usitafute kingine kabla hujaitengeneza. Skrubu iliyoingia kwenye kutu au iliyolegea ndiyo pia huleta ile ya kuzima gari likiruka tuta.

Kama eathi na waya viko sawa na volti bado zinaanguka hata pale kwenye betri, basi betri imechoka au oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haiwezi mzigo. Gari dogo kama IST halikutengenezwa kuendesha sabufa mbili, kiyoyozi na taa zote usiku kwenye foleni. Hapo tunakwambia ukweli: punguza mzigo au ongeza umeme.

Sasa upande wa spika. Omu ni kipimo cha ukinzani: zikipungua, spika inavuta umeme zaidi. Sabufa nyingi zina koili mbili za omu 4. Ukiziunga sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 2. Sabufa mbili za aina hiyo zote sambamba zinakuwa omu 1. Tatizo ni kwamba amplifaya ya chaneli 4 ikiunganishwa kwa daraja, yaani chaneli mbili zikisukuma sabufa moja, nyingi hazitaki chini ya omu 4. Ukiipa omu 2 itapiga kwa kishindo, utafurahi, kisha itapata moto na kuzima. Pima kwa mita waya za spika zikiwa zimechomolewa kwenye amplifaya. Koili nzima ya omu 4 husoma 3 na pointi kadhaa, hiyo ni kawaida. Na ukiwa hapo, gusisha mguu mmoja wa mita kwenye waya wa spika na mwingine kwenye bodi. Hapatakiwi kuwa na mawasiliano yoyote. Waya uliochunika kwenye bawaba ya mlango ukigusa bati unapiga shoti, na amplifaya inazima papo hapo.

Inayozima baada ya nusu saa na kurudi ikipoa ni joto. Itoe chini ya kapeti, toa nguo ulizoifunika kwenye buti, iache ipumue.

Kuna moja huwachanganya watu: FM inapiga vizuri, ukihamia Bluetooth amplifaya inazima kimya bila taa nyekundu. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na redio za kule haziishiki FM yetu yote, kwa hiyo karibu kila mtu hubadilisha redio. Katika kubadilisha, waya wa remoti wa amplifaya, ule unaoiambia iwake, huungwa kwenye waya wa bluu wa antena, ambao kwenye redio nyingi huwa na umeme FM ikiwa inapiga tu. Wa amplifaya kwa kawaida ni wa bluu wenye mstari mweupe. Kazi ya dakika chache.

Ukitaka kujua kama amplifaya yenyewe ndiyo mbovu, izime, chomoa waya zote za spika na za RCA (zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio), acha chanya, eathi na remoti tu. Washa. Taa nyekundu ikibaki na umeme uko sawa, shida iko ndani, mara nyingi ni transista zilizoungua. Ilete tuifungue, tutakwambia kama matengenezo yanalipa au bora ununue nyingine. Ikiwaka vizuri, izime tena, rudisha spika moja baada ya nyingine hadi umpate mkorofi.

Na tafadhali, fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi wala usizungushie waya. Ule waya mwekundu unapita chini ya kapeti, karibu na miguu ya abiria, na ukipiga shoti bila fyuzi ya kuukata unawasha moto. Fyuzi yake ikae karibu na betri, isizidi nusu mita. Kama huna na hujui uweke ya ampia ngapi, pitia dukani hata kama muziki wako hauna tatizo.