Ua wa kayaba wenye mianya haung'olewi

Mhariri,

Nyua za kayaba, miti ya miba ambayo wengine huiita michongoma, zinang'olewa na mahali pake kuwekwa seng'enge kwa sababu moja: mbuzi na kuku wanapita chini. Juu ua umeshonana hata ndege hapenyi, chini ni mashina matupu. Kosa si la mti, ni la mkataji.

Anayekata bila kuinama hupunguza anapofikia tu. Juu hutanuka, hufunika chini, na tawi lisiloona jua hukauka. Ua unatakiwa uwe mpana chini na mwembamba juu: kama chini ni futi tatu, juu zisizidi mbili. Vuta kamba pande zote mbili kabla ya kukata, maana macho hudanganya.

Ua uliokwisha kuharibika hukatwa mvua za masika zinapoanza, mashina yote yabaki kama futi moja kutoka ardhini. Kata mshazari ili maji yateremke. Panga butu hupasua shina, maji yakatuama kwenye ufa na kisiki kikaanza kuoza. Ukikata kiangazi, machipukizi yatadumaa. Mwenye ng'ombe akate nusu ya ua mwaka huu, nusu mwaka ujao.

Mwanya ambao kisiki chake kimekufa huzibwa kwa kulaza tawi, na hapa ndipo wengi hukosea. Chagua tawi bichi la chini, unene wa kidole, refu la kuvuka mwanya. Lililokomaa litavunjika. Linapogusa udongo, kwangua ganda la upande wa chini kiasi cha inchi moja, chini ya kifundo. Chimba mfereji wa inchi nne, lilaze, libane kwa kijiti chenye panda, fukia, weka jiwe juu. Ncha ibaki nje ikielekea juu. Usilitenge na mama yake mpaka ncha itoe majani mapya na ukiivuta kidogo ihisike imeshika. Hiyo ni miezi, si wiki.

Waingereza nao hulaza ua, ila kwa namna nyingine. Wakati wa baridi, miti ikiwa imelala, hukata shina karibu na ardhi mpaka ubaki ukanda mwembamba wa ganda na mti, hulilaza kwa mteremko na kulipitisha kati ya vigingi vilivyoachana kama sentimita 45. Ua mpya hutoka kwenye kisiki. Huku kwetu mti haulali baridi, kwa hiyo kalenda ni mvua.

Anayeanza upya apande mistari miwili, miche ikipishana, futi moja kati ya mche na mche. Mche ukifika magotini, kata ncha. Watu huona uchungu kuukata, lakini usipokatwa hapo hautoi matawi ya chini, na mwanya wa kesho umeshaupanda leo.

Miba iliyokatwa isisukumwe ndani ya mwanya, ingawa ndiyo desturi. Huziba jua na kuua machipukizi yale yale unayoyasubiri. Ipange upande wa nje kuzuia mifugo, hatua moja kutoka kwenye mashina, na ile iliyobaki njiani iokotwe yote kabla baiskeli hazijapita.

Mkata ua,
Limuru