Ndege Inayovaa Vinundu ili Ionekane

El Mirage, Arizona
16 Novemba 2025

Ndugu yangu Shomari,

Salaam nyingi kutoka huku jangwani. Mama anaendeleaje na miguu? Mwambie dawa ya kuchua nimeshaipata, nitampa mtu anayekuja Dar mwezi ujao.

Ujumbe wako niliusikiliza mara tatu. Umesema vijana wako wa kidato cha tatu wamekubana darasani: F-35, ndege ya kivita ya Marekani inayosemekana haionekani kwenye rada, ni ndege ya chuma, tani 13 hata kabla ya kutiwa mafuta na silaha; itafichikaje angani, au imepakwa rangi ya uchawi? Na wewe ukawaambia unaye rafiki anayeishi jirani na uwanja wa ndege hizo, utamuuliza. Umefanya vizuri. Sijafurahia swali namna hii tangu nije huku.

Unakumbuka Ngerengere? Ndege za kivita za Kichina zikitoka kambini, sisi tumelala chali kwenye majani, na mimi kila mara natafuta ndege pale sauti inapotoka, nakuta mbingu tupu. Wewe ndiye uliyenifundisha nisitazame sauti, nitazame mbele yake. Mpaka leo ndivyo ninavyotazama. Nyumba ninayofanyia kazi haiko mbali na uzio wa kambi ya jeshi la anga la Marekani iitwayo Luke, magharibi mwa jiji la Phoenix. Imepewa jina la Frank Luke, kijana aliyezaliwa hapa Phoenix, aliyekuwa akitungua maputo ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza akauawa Septemba 1918 akiwa na miaka 21. Tangu Machi 2014 zipo F-35, na hapa ni shule. Marubani hawaji kupigana, wanakuja kujifunza, na si Wamarekani peke yao. Wamepita Wanorwe, Waitaliano, Waaustralia, Waholanzi.

Sasa swali lako. Rada ni mtambo unaotuma mawimbi ya redio na kusubiri mwangwi wake. Kwa mfano utakaowaingia wanafunzi wa Morogoro, ni mtu aliyesimama bondeni akapiga ukelele, kisha akatega sikio. Uluguru ikimjibu, anajua mlima uko umbali gani. Ndege ya kawaida ni mlima wenye kelele: mkia umesimama wima, makombora yananing'inia chini ya mabawa, na mdomo wa injini uko wazi na mapanga yake yanazunguka humo ndani. Kila pembe ya mraba inarudisha mwangwi kulekule ulikotoka. Waliochora F-35 waliiondoa pembe moja baada ya nyingine. Mikia yake miwili imelala kwa nje. Makombora yamefichwa tumboni nyuma ya milango, na kingo za milango hiyo zimekatwa kama meno ya msumeno. Njia ya hewa kuelekea kwenye injini imepinda, ili wimbi lisiyafikie mapanga moja kwa moja. Mwangwi haufi, unatupwa pembeni, kwenye pande chache ambako msikilizaji hayupo. Rangi inakuja mwisho, nayo inanyonya sehemu ya yale yaliyobaki. Kwa hiyo waambie vijana wako kwamba kazi kubwa imefanywa na umbo, na rangi inasaidia tu.

Halafu wape hesabu hii, maana wewe ni mwalimu wa fizikia na najua utaipenda. Wimbi linapungua nguvu likienda na linapungua tena likirudi, kwa hiyo umbali ambao rada inaweza kuiona ndege unafuata kipeuo cha nne cha mwangwi wake. Ukipunguza mwangwi wa ndege mara 16, umbali wa kuonekana unapungua nusu tu. Ukitaka uonekane kwa umbali ulio sehemu moja ya kumi ya ule wa zamani, lazima upunguze mwangwi mara 10,000. Mara elfu kumi, Shomari! Nilipoielewa hesabu hiyo ndipo nilipoacha kusema ndege "isiyoonekana". Neno hilo linatupotosha. Ndege hizi zinachelewa kuonekana. Rada iliyokuwa ikuone ukiwa kilomita 200 inakuona ukiwa 20, na katika kilomita hizo 180 katikati ndipo rubani anapofanyia kazi yake.

Kuna jambo moja katika historia hii linalonigusa kama mtu aliyesoma kwa vitabu vya kuazima. Msingi wa hesabu hizi haukuwekwa Marekani. Uliwekwa Moscow na mwanafizikia aitwaye Pyotr Ufimtsev, aliyechapisha mwaka 1962 kitabu kuhusu jinsi mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za vitu. Wakubwa wa kwao hawakuona faida yake ya kijeshi, wakaruhusu kichapishwe. Jeshi la anga la Marekani likakitafsiri mwaka 1971. Miaka michache baadaye mwanahisabati wa kampuni ya Lockheed, Denys Overholser, akakisoma akaona kwamba sasa anaweza kukokotoa mwangwi wa ndege kabla haijajengwa. Ndege ya majaribio iliruka Desemba 1977, na F-117, ndege ya kivita iliyojengwa kwa hesabu hizo, ikafuata Juni 1981. Mwalimu mmoja angekitafsiri Moshi au Iringa pia tungekisoma, maana hakikuwa siri.

Sasa nikupe kitu nilichokiona kwa macho yangu, ambacho nadhani hata vijana wako hawajawahi kukisikia. Nina darubini ndogo niliyoinunua kwenye soko la mitumba. Siku ya mapumziko nasimama barabarani nje ya uzio, mahali ambapo watu wengine nao husimama na kamera zao, nazitazama zikija kutua. Juu ya mgongo na chini ya tumbo zina vinundu vidogo, kama chunusi kwenye ngozi laini. Nilidhani ni taa. Kumbe ni vifaa vya kurudisha mwangwi! Vimetokana na lenzi iliyobuniwa kwa hesabu za mtaalamu mwingine, Luneburg, na vinafungwa makusudi ili ndege ionekane kwenye rada. Ndege iliyogharimu miaka ya kuondoa kila pembe, ikienda mazoezini inavalishwa vinundu vya kuipigia kelele.

Sababu zake ni za msingi. Phoenix ina uwanja mkubwa wa ndege za abiria, na waongozaji lazima wajue nani yuko wapi. Na pia mpelelezi aliye mbali, akitaka kuupima kwa rada yake mwangwi halisi wa ndege hiyo, anaambulia mwangwi wa vinundu. Vitavuliwa siku ya vita, au siku ya zoezi linalovihitaji viondolewe. Mimi tangu nijue hivyo kila ikipita navitafuta kwanza.

Marubani wakitoka hapa wanaelekea kusini, kwenye eneo la mazoezi la Barry Goldwater, jangwa linalozidi ekari milioni 1.5 kuelekea mpaka wa Mexico. Wanaondoka wawili wawili au wanne wanne. Na hapa kuna jambo linalonifanya niwaheshimu vijana hawa: F-35 ina kiti kimoja tu. Katika F-16, ndege ya kivita iliyotangulia hapa, palikuwa na aina yenye viti viwili, mwalimu anakaa nyuma ya mwanafunzi na kushika usukani akiona mambo yanaharibika. Huku hakuna. Mwanafunzi anakaa saa nyingi kwenye chumba cha kuigizia urukaji, chini, penye baridi ya kiyoyozi. Kisha inafika asubuhi anapanda ngazi, anafungiwa kioo, na mara ya kwanza kabisa anapoirusha ndege hiyo yuko peke yake ndani yake. Mwalimu yuko kwenye ndege nyingine pembeni, anamsemesha kwa redio. Nimemfikiria sana mama wa kijana huyo, anayejua tarehe ya siku ile.

Kofia yake nayo si kofia ya kawaida. Ndege ina kamera sita kuzunguka mwili wake, na picha zake zinaletwa mbele ya macho ya rubani ndani ya kofia. Akiinama kutazama miguu yake, anaiona ardhi iliyo chini ya ndege. Kofia moja inagharimu takriban dola 400,000.

Lakini mwili wa binadamu ndani ya mtambo huu ni uleule wetu. Kati ya Mei na Juni 2017, marubani watano wa kambi hii walipatwa na dalili za kukosa oksijeni wakiwa angani. Wote walirudi salama kwa kutumia oksijeni ya akiba, ila urukaji ulisimamishwa kwa siku kadhaa. Na jua la hapa nalo ni mtihani. Ndege hii inatumia mafuta yake yenyewe kupoza mitambo iliyo ndani, hivyo mafuta yakiwa ya moto tangu kwenye lori, inaleta shida. Mwaka 2014 walianza kupaka malori ya mafuta rangi nyeupe inayorudisha mwanga wa jua. Wewe unayefundisha mnururisho wa joto kwa kopo jeusi na kopo jeupe, huo hapo mfano wako.

Sehemu kubwa ya haya nimeelezwa na mzee ninayemtunza. Ana miaka 81, alikuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga, akamaliza utumishi wake hapa Luke enzi za F-16. Masikio yameliwa na injini. Saa za ndege kuruka namsogeza kitini mpaka dirishani, anaweka kiganja kwenye kioo, anahisi mtetemo, ananionyesha kwa vidole zimepita ngapi. Hakosei.

Yeye hana hamu ya kuzungumzia marubani. Anazungumzia mafundi. Ameniambia jinsi asubuhi wanavyojipanga mstari mmoja, wakubwa kwa wadogo, wakatembea uwanja mzima wameinamisha vichwa wakiokota vijiwe na skrubu, kwa sababu injini ya ndege inavuta kila kitu. Kila spana ina mahali pake kwenye sanduku, pamechongwa kwa umbo lake. Ikikosekana moja, ndege haiondoki mpaka ipatikane. Nilimwuliza kama si kuzidisha. Akanituma nikasome habari ya hapahapa Luke. Machi 2023, F-35 ilikuwa chini, injini inajaribiwa baada ya matengenezo. Ilipozimwa, vifaa vikahesabiwa, tochi moja haipo. Ilikuwa imesahauliwa kwenye njia ya hewa na injini ikaimeza. Hasara karibu dola milioni 4. Na Novemba 2021, F-35 ya Waingereza ilianguka baharini Mediterania ikiondoka kwenye meli ya HMS Queen Elizabeth, kwa sababu ya kifuniko kilichosahauliwa ndani ya njia ileile ya hewa. Rubani alijifyatua akaokoka.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachofanya ndege hizi kuwa nzito kuliko tani zake. Ile ngozi lazima iwe laini wakati wote. Kifuniko kilichokaa vibaya au rangi iliyobanduka ni mlima umeanza kujibu tena. Kwa hili na kwa sababu nyingine, zinashinda kwa mafundi. Wakaguzi wa serikali ya Marekani walieleza kuwa Machi 2023 ni takriban asilimia 55 tu za F-35 zilizokuwa tayari kwa kazi.

Wasimulie pia habari ya Serbia, lakini usiisimulie kama kichekesho cha mkubwa kuangushwa. Tarehe 27 Machi 1999, F-117 ilitunguliwa karibu na kijiji cha Budjanovci. Kikosi kilichoitungua kiliongozwa na Zoltán Dani, kikiwa na makombora ya Kisovieti ya miaka ya sitini na rada ya mawimbi marefu, ambayo umbo lile halikutengenezwa kuyakwepa. Dani alikuwa mkali kwa watu wake: rada ya kulenga inawashwa sekunde chache, inazimwa, kisha kikosi kinahama kabla hakijapigwa. Ndege zenyewe zilikuwa zimezoea njia zilezile. Rubani, Dale Zelko, alijifyatua akaokolewa na wenzake saa chache baadaye. Miaka ikapita. Dani akawa mwoka mikate. Mwaka 2011 wakakutana, wakawa marafiki, familia zikatembeleana.

Nakiri sina utulivu kamili na mapenzi yangu haya. Jirani yangu ni mama wa Uvira, kule mashariki mwa Kongo kwenye vita. Zikipita, yeye hukatiza maneno katikati, anasubiri, kisha anaendelea kana kwamba hakunyamaza. Sijawahi kumwuliza, na darubini yangu siichukui mkononi akiwepo.

Kwa darasa lako nina pendekezo. Funga madirisha ya maabara, weka mapazia mazito, wote wakae upande mmoja, karibu na tochi na nyuma yake. Washa tochi uelekeze kwenye kioo cha kujitazamia kilichosimama wima ukutani. Mwanga utawarudia machoni. Kisha ulaze kioo kwa nyuma nyuzi thelathini hivi, tochi ikiwa palepale. Kioo kiko bado, tochi inawaka bado, lakini wao hawaoni kitu ila alama ya mwanga darini. Mara ya tatu, bandika kwenye kioo hichohicho kipande cha ile plastiki nyekundu ya nyuma ya baiskeli. Hicho ndicho kinundu. Inamisha kioo kiasi, bado kitawaka.

Yule binti uliyesema anauliza mpaka kengele inapigwa, mpe yeye ashike tochi. Nataka kujua atasema nini plastiki ikiwaka.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Kibena